Mionzi kutoka ndani: picha ya PET na tiba ya nyuklia kwa mtoto

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe atachomwa sindano yenye mionzi, maneno yanayofuata mara nyingi hayamwingii tena. Neno "nyuklia" limeshamjaa kichwani, na kwa wengi wetu hilo ni neno la mabomu na vinu vilivyolipuka, si neno la wodi ya watoto. Anatoka kwa daktari na karatasi mkononi, na maswali ambayo hakuyauliza. Mionzi hiyo itamkaa mwilini mpaka lini? Nitaweza kumpakata? Mbona wasimpige eksirei kama watoto wengine, yakaisha?

Ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa "usiwe na wasiwasi". Naanza na jambo moja ambalo likishaeleweka, mengine hufunguka yenyewe: katika kipimo hiki mtambo haummuliki mtoto. Mtoto ndiye anayeumulika mtambo.

Eksirei ni kama tochi. Mtambo humulika kutoka upande mmoja, mionzi hupenya mwili, mifupa huizuia kuliko nyama inavyoizuia, na kivuli kinachoangukia upande wa pili ndiyo picha. CT ni tochi hiyo hiyo, ila inazungushwa. Zote mbili huonyesha umbo: mfupa umevunjika hapa, uvimbe una ukubwa huu. Tiba ya nyuklia imeupindua mpango huo. Dawa kidogo mno yenye unururifu, yaani inayotoa mionzi yenyewe, huingizwa kwenye mshipa, inasafiri na damu mpaka kwenye kiungo kinachoitumia, na kutoka huko inarusha mionzi nje. Mtambo unapokea tu, kama mtu aliyekaa gizani akihesabu vimulimuli. Picha inayopatikana si ya umbo. Ni picha ya kazi: sehemu gani ya mwili inakula sukari, figo ipi inachuja, eneo gani la ubongo limezubaa.

Chukua mtoto aliyekuwa na saratani ya tezi za limfu. Kabla ya matibabu alikuwa na uvimbe mkubwa kifuani. Baada ya mizunguko miwili ya dawa, CT inaonyesha kwamba uvimbe umepungua lakini upo, sentimita tatu. Ni saratani iliyo hai, au ni kovu lililobaki baada ya saratani kufa? Umbo halisemi. Nyumba mbili za jirani mchana kuta zake ni zile zile na paa ni lile lile. Usiku ndipo unapojua ipi ina watu, kwa kuona taa. PET, moja ya picha hizi za nyuklia, huitazama nyumba usiku.

Sukari isiyosagika

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. George de Hevesy, mkemia mzaliwa wa Hungaria, alionyesha kwamba atomu yenye unururifu hutenda kikemia sawasawa na ndugu yake wa kawaida, kwa hiyo ukiichanganya kidogo tu ndani ya kundi, unaweza kulifuata kundi zima popote liendapo. Ni kumvika mbuzi mmoja kengele: atakula majani yale yale na wenzake na kunywa kisima kile kile, ila sasa unawasikia walipo hata wakiwa vichakani. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Na kabla ya hapo, miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani alikuwa ameona kwamba uvimbe wa saratani hutumia glukosi kwa pupa isiyo ya kawaida.

Dawa inayotumika zaidi katika PET imezaliwa na mawazo hayo mawili. Inaitwa FDG. Ni glukosi iliyobadilishwa mahali pamoja tu: kipande kidogo cha molekuli kimeondolewa, na mahali pake pakawekwa florini-18, ambayo ndiyo yenye unururifu. Seli haitambui tofauti. Inaifungulia mlango kama inavyoifungulia sukari yoyote, inaanza kuisaga kwa hatua ya kwanza, halafu inakwama. Hatua inayofuata haiwezekani kwa sababu ya florini ile, na kutoka nako ni taabu, maana hatua ya kwanza imeshaifungia ndani. Seli yenye njaa kubwa hujaa FDG, seli iliyotulia huwa nayo kidogo, na kovu karibu halina kitu.

Florini-18 inapovunjika hutoa positroni, chembe aliyoigundua mwanafizikia Carl Anderson mwaka 1932. Positroni ni pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, na haifiki mbali. Ndani ya milimita moja hivi inakutana na elektroni, na zikikutana zote mbili hutoweka. Kinachobaki ni miale miwili ya gama yenye nguvu sawa, kilo-elektronivolti 511 kila mmoja, inayokimbia kwa kupeana mgongo. Mtoto amelala ndani ya pete ya vihisio. Vihisio viwili vinavyotazamana vikipigwa kwa pamoja, kwa tofauti ya sehemu chache tu za bilioni za sekunde, kompyuta huchora mstari kati yake, kwa maana kwamba tukio limetokea mahali fulani kwenye mstari huo. Mstari mmoja hauna habari. Mamilioni ya mistari yakishachorwa, pale inapokatana kwa wingi ndipo dawa ilipojikusanya.

Siku hizi PET karibu kila mara hufungwa pamoja na CT katika mtambo mmoja, ili doa linalowaka liweze kuwekwa mahali pake: hili liko kwenye tezi, hili liko kwenye mbavu. Kwa hiyo tochi ipo pia, na mzazi ana haki ya kujua hivyo. Nitairudia.

Sasa saa. Florini-18 ina nusumaisha ya dakika 110, yaani kila zikipita dakika 110 nusu ya iliyobaki imekwisha. Haiwekwi stoo. Hutengenezwa kwenye mtambo uitwao siklotroni, kwa kupiga kwa protoni maji ambayo oksijeni yake ni ya aina nzito, oksijeni-18. Kisha wakemia huifunga kwenye sukari, huipima usafi, na gari huondoka nayo asubuhi hiyo hiyo. Mwaka 1976, FDG ya kwanza kupewa binadamu ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na ikapelekwa Philadelphia kwa ndege, kwa sababu saa ilikuwa inakimbia. Inakimbia vile vile leo. Ndiyo maana idara hizi huwa kali kuhusu muda wa kufika. Familia ikichelewa saa mbili, dawa iliyopimwa kwa ajili ya mtoto wao imebaki chini ya nusu ya nguvu yake, na pengine mtoto aliyekaa na njaa tangu alfajiri atarudishwa nyumbani bila kipimo.

Teknishiamu, farasi wa kazi

PET ndiyo inayotajwa sana, lakini vipimo vingi vya nyuklia kwa watoto si PET. Hufanywa kwa kamera ya gama, kwa kutumia teknishiamu-99m, ambayo nusumaisha yake ni saa 6. Hii haihitaji siklotroni jirani. Hospitali huletewa mkebe mzito wa madini ya risasi ambao ndani yake kuna molibdenamu-99, yenye nusumaisha ya saa 66, inayozaa teknishiamu kidogo kidogo mchana na usiku. Kila asubuhi mtaalamu hupitisha maji ya chumvi ndani yake na kutoka na teknishiamu. Wenyewe husema wanakamua, na kweli ni kama ng'ombe: ukishakamua unasubiri ijae tena, na baada ya wiki maziwa yamepungua, unaletewa mwingine.

Teknishiamu ikifungwa kwenye dawa moja huenda kwenye mifupa, kwenye nyingine huenda kwenye ini na nyongo, kwenye nyingine figo. Kipimo cha figo kiitwacho DMSA ndicho ambacho wazazi wa watoto wadogo hukutana nacho zaidi. Mtoto anaugua maambukizi ya mkojo mara kwa mara, homa zinapanda, na swali ni kama figo imeshapata makovu. Anachomwa sindano, anakaa saa mbili au tatu akicheza na kula kama kawaida, kisha analala chini ya kamera. Figo nzima huonekana kama haragwe lililojaa. Yenye kovu huonekana kama haragwe lililong'atwa pembeni. Kama lengo ni kutafuta makovu ya kudumu, kipimo husubiriwa miezi kadhaa baada ya maambukizi, kwa kawaida minne hadi sita, kwa sababu figo yenye uvimbe wa homa nayo huacha pengo kwenye picha, na pengo hilo linaweza kupona. Mzazi akiona amepangiwa tarehe ya mbali, mara nyingi si uzembe, ni hesabu hiyo.

Kuna kimoja kingine kifupi ninachokipenda kwa ujanja wake. Mtoto anatoa damu nyingi chooni bila maumivu. Wakati mwingine sababu ni kifuko kidogo kilichobaki kwenye utumbo tangu akiwa tumboni mwa mama, ambacho ukuta wake wa ndani ni wa tumbo la chakula na si wa utumbo. Teknishiamu tupu, bila kufungwa kwenye dawa nyingine, hukusanywa na ukuta wa tumbo la chakula. Basi ikichomwa, tumbo linawaka, na dakika zile zile doa dogo nalo linawaka chini kulia, mahali ambapo tumbo halina kazi. Kifuko kimejitaja chenyewe.

Kile kinachoepukwa

Wazazi hupima hatari ya mionzi, na wanafanya vema. Ila mizani ina pande mbili, na upande wa pili haujazwi na neno "utambuzi" peke yake. Kwa mtoto, faida kubwa ya picha hizi mara nyingi ni tiba ambayo hatalazimika kuipata.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa mtoto mchanga ambaye sukari yake ya damu inaporomoka tangu siku za mwanzo za maisha. Kongosho lake linamwaga insulini bila kujali kama kuna sukari au hakuna. Ubongo wa mtoto mchanga unaishi kwa glukosi. Sukari ikikatika, degedege huja, na kila saa inayopita inaweza kuacha ulemavu. Dawa zikishindwa, linabaki swali la upasuaji, na hapa ugonjwa una sura mbili. Ya kwanza, kongosho zima limeharibika. Ya pili, ni sehemu moja tu iliyoharibika, mara nyingi isiyofika sentimita moja. Kwa CT, kwa altrasaundi, hata kwa macho ya daktari wa upasuaji, sura hizi mbili huweza kufanana kabisa. Zamani wengi walikatwa karibu kongosho lote, na mtoto aliyeponywa ugonjwa wa sukari kushuka akageuka kuwa mgonjwa wa kisukari.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, PET hutumia dawa nyingine yenye florini-18, iitwayo DOPA, ambayo seli za kutengeneza insulini hupenda kuichukua. Kongosho likiwaka lote sawasawa, ni sura ya kwanza. Kikiwaka kidoa kimoja, daktari wa upasuaji anaingia akijua anakwenda wapi, anakata kipande kidogo kama punje, na mtoto anapona kabisa. Kongosho lake linabaki. Siwezi kuielezea thamani ya picha hiyo vizuri zaidi ya hapo.

Rudi sasa kwa yule mtoto wa saratani ya tezi, aina ya Hodgkin. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, Ufaransa, na kukubaliana kipimo cha alama tano ambacho sasa hutumika ulimwenguni. Uzuri wake ni kwamba hulinganisha mwanga wa uvimbe na viungo vya mgonjwa mwenyewe: unawaka kuliko damu iliyo kifuani? Unawaka kuliko ini? Alama 1 maana yake hauwaki kabisa, na 5 maana yake unalishinda ini kwa mbali au kumetokea madoa mapya. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya wa watoto wenye ugonjwa huu, EuroNet-PHL-C1, watoto walioitikia vizuri mizunguko miwili ya kwanza ya dawa, PET ikiwa sehemu ya ushahidi, hawakupewa tiba ya mionzi kabisa, na wengi mno wao walibaki salama. Tiba hiyo ya mionzi ingekuwa karibu greyi 20 kifuani au shingoni. Msichana aliyechomwa mionzi kifuani akiwa na miaka 13 hubeba hatari ya saratani ya matiti na maradhi ya moyo miongo kadhaa baadaye. FDG ya kipimo kimoja humpa mtoto milisiviati chache tu. Greyi na siviati, vizio viwili vya kupimia dozi ya mionzi, hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa ile ya tiba inalenga eneo moja na hii ya picha ni hesabu ya mwili mzima, lakini tofauti iliyopo ni ya maelfu.

Kwa kifafa nako hali ni hiyo. Mtoto ambaye dawa hazimzuilii degedege anaweza kufanyiwa upasuaji iwapo itajulikana kwa hakika degedege inaanzia wapi, na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, wakati mwingine haioni kitu. PET ya FDG, inayopigwa akiwa ametulia, huonyesha eneo hilo likiwa limefifia. Seli zake zinakula kidogo. Kipimo kingine, kinachotumia teknishiamu, hufanya kinyume: kinataka kunasa degedege yenyewe. Mtoto hulazwa na nyaya za kupimia umeme wa ubongo kichwani. Muuguzi hukaa pembeni ya kitanda, saa baada ya saa, bomba la sindano likiwa tayari ndani ya ganda la kuzuia mionzi, macho kwenye skrini na kwa mtoto. Degedege ikianza, anasukuma dawa papo hapo. Dawa hupanda kichwani na damu, hukwama pale damu ilipokuwa inakimbilia, na haiondoki tena. Kisha mtoto anahudumiwa, anatulizwa, analala, na saa moja au mbili baadaye anapigwa picha kwa utulivu. Picha inaonyesha ile dakika ya sindano. Muuguzi akichelewa nusu dakika, degedege imeshasambaa na picha inaonyesha ilikofika, si ilikotoka.

Chumba chenye joto

Siku ya PET ya FDG huanza na njaa. Mtoto hali kwa saa nne hadi sita, maji pekee yanaruhusiwa, na dripu isiwe na glukosi, kwa sababu sukari ya kawaida ikijaa kwenye damu hushindana na FDG mlangoni mwa seli. Akifika anapimwa uzito na urefu, anatobolewa kidole kupima sukari. Kanula huwekwa mapema, na idara nyingi humpaka kwanza dawa ya ganzi kwenye ngozi. Inahitaji muda ili ifanye kazi, kwa hiyo omba ipakwe mara mnapofika.

Halafu kinakuja kitu kinachowashangaza wengi: blanketi. Chumba kina joto, mtoto amefunikwa mpaka kidevuni, taa zimepunguzwa, na anaambiwa atulie hivyo saa nzima baada ya sindano. Si kwa ajili ya raha tu. Watoto na vijana wana mafuta ya kahawia mengi kuliko watu wazima, shingoni, mabegani na kando ya uti wa mgongo. Kazi ya mafuta haya ni kuchoma sukari ili kutoa joto. Mtoto akisikia baridi yanawashwa, na picha inatoka na madoa makali shingoni, mahali pale pale ambapo tezi zenye saratani hupenda kukaa. Misuli nayo hivyo hivyo. Aliyekimbia-kimbia, miguu inawaka. Aliyelia sana, misuli ya kupumulia inawaka. Mzazi anayemsomea hadithi kwa sauti ya chini, akimshika mkono, anafanya kazi ya kitabibu hasa, na ningependa wauguzi wawe wanamwambia hivyo.

Kabla ya picha anakojoa, maana FDG hutokea kwenye mkojo na kibofu kilichojaa huwaka mpaka hufunika majirani zake. Picha yenyewe huchukua kama dakika 15 hadi 30, na mtoto asitikisike. Wa miaka minane wengi huweza. Wa miaka mitatu wengi hawawezi, hivyo hupewa dawa ya kutuliza au nusukaputi, ambayo nayo ina hatari zake na wataalamu wake. Mtoto mchanga anayepimwa figo, ambaye hahitaji kufunga kula, mara nyingi hunyonyeshwa akashiba, akafungwa vizuri kwenye shuka, akapitiwa na usingizi wake mwenyewe. Hiyo ndiyo dawa bora ya usingizi niijuayo.

Kisha kuna kazi ya kuisoma picha, na hapa nina msimamo. Mwili wa mtoto una shughuli ambazo mwili wa mtu mzima ulishazimaliza. Ncha za mifupa inayokua zinawaka. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, inawaka, na baada ya tiba ya kemikali inaweza kuvimba upya na kuwaka zaidi kuliko mwanzo. Ni dalili ya kupona, lakini iko mahali ambapo uvimbe wa Hodgkin huwa. Mafindofindo yanawaka. Uboho wa mtoto aliyepewa sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu unawaka mwili mzima kama moto wa makaa. Msomaji aliyezoea watu wazima peke yao anaweza kuiita saratani kila moja ya hizi. Kwa hiyo swali ambalo ningelisisitiza kwa mzazi kuliko swali la aina ya mtambo ni hili: anayesoma picha ya mwanangu husoma za watoto mara kwa mara?

Kiasi gani

Mtoto huathirika na mionzi kuliko mtu mzima, kwa sababu seli zake zinagawanyika kwa wingi na ana miaka mingi mbele ambayo madhara yanaweza kujitokeza. Hilo halipingwi. Ndiyo sababu dozi hufuata uzito. Mwongozo wa Amerika Kaskazini kwa FDG ni megabekereli (kizio cha kupimia unururifu) 3.7 hadi 5.2 kwa kila kilo ya uzito, na Ulaya wana kadi yao ya dozi inayofanya hesabu kama hiyo kwa karibu kila dawa. Kuna pia kiwango cha chini ambacho hakivukwi hata kwa kichanga. Wengine hudhani kupunguza daima ni kumhurumia mtoto. Dozi ikishuka mno, mionzi inayofika kwenye vihisio haitoshi, picha inatoka na ukungu, na mtoto anarudiwa. Mara mbili ya kidogo imeshazidi mara moja ya kutosha.

Kwa kulinganisha: kila mtu duniani hupokea kwa wastani milisiviati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. DMSA ni karibu milisiviati 1 au pungufu. FDG ya PET kwa kawaida ni kama ya miaka miwili hivi ya mionzi hiyo ya asili, na CT huongeza juu yake. Hiyo CT ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupunguzwa. Ikiwa kazi yake ni kuonyesha mahali tu, inaweza kupigwa kwa nguvu ndogo sana. Ikiwa mtoto alishapigwa CT kamili wiki iliyopita, hakuna sababu ya kuirudia yote. Kampeni ya Image Gently, iliyoanza Marekani mwaka 2008, ilisaidia sana kuyafanya maswali haya kuwa ya kawaida. Palipo na mtambo wa PET uliounganishwa na MRI, tochi ya CT huondoka kabisa, ingawa mtoto atalala ndani kwa muda mrefu zaidi.

Hatari inayobaki ni ndogo, si sifuri. Hivyo ninakubaliana na wazazi wanaouliza, kwa adabu na bila kuona haya: jibu la picha hii litabadilisha nini? Kama altrasaundi inaweza kujibu, ianze altrasaundi. Kama ni kurudia PET kila baada ya miezi michache kwa mtoto aliyemaliza matibabu ya saratani ya tezi za limfu, mzima, hana dalili yoyote, jibu mara nyingi ni kwamba haifai. Madoa ya uongo ni mengi, na kila moja huleta hofu, sindano za kuchukua nyama, na picha nyingine tena.

Yote hayo ni kuhusu picha. Kuna upande wa pili unaolipa jina la tiba ya nyuklia haki yake. Neuroblastoma, saratani ya watoto wadogo inayotokana na seli za mishipa ya fahamu, hupenda kuchukua dawa iitwayo MIBG. Ikifungwa kwenye iodini-123 hutoa picha. Dawa ile ile ikifungwa kwenye iodini-131 inakwenda mahali pale pale na kuua. Katika zote mbili mtoto hupewa iodini ya kawaida kabla, ili tezi ya shingoni ishibe na isichukue ile yenye mionzi. Lakini iodini-131 ina nusumaisha ya siku 8, na dozi ya tiba ni kubwa. Mtoto hukaa siku kadhaa kwenye chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, na mzazi huingia kwa dakika zilizohesabiwa, akiwa amevaa kipimo cha mionzi kifuani. Hapo tahadhari ni nzito kweli, na isichanganywe na ya picha.

Mitambo inabadilika. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilionyesha picha za kwanza za binadamu kutoka kwenye mtambo wa PET wenye pete ya urefu wa sentimita 194, unaomfunika mtu mzima kichwa hadi miguu kwa wakati mmoja. Unanasa miale mingi zaidi kwa mbali, na uwezo huo unaweza kutumiwa ama kupunguza dozi, ama kupunguza dakika. Kwa mtoto wa miaka mitatu, dakika zikipungua vya kutosha, huenda nusukaputi isihitajike.

Na yule aliyechomwa FDG saa tatu asubuhi? Saa sita anakula. Mpakate, mnyonyeshe, mlaze karibu nawe. Mpe maji mengi akojoe mara kwa mara, na ukibadilisha nepi nawa mikono kwa sabuni. Mwenye ujauzito asimpakate kwa muda mrefu mchana huo. Ni vema pia mtu mwingine ndiye amsindikize mtoto hospitalini. Ikifika saa mbili usiku nusumaisha sita zimepita, na hata bila kuhesabu kilichotoka kwa mkojo, imebaki sehemu moja tu ya sitini na nne ya alichochomwa. Kesho asubuhi anaweza kwenda shule.